Namba Yangu ya Kazi

Walinipa Jumatatu ya mvua,
Carlisle, kwenye lango la kiwanda cha biskuti:
saba tatu tisa tatu tisa moja tatu tatu.
Mlinzi aliisoma kama anayesoma deni la mtu.

Zipu ya koti langu ina jino bovu upande wa kulia.
Kila ninapoinama kuokota trei
jino hilo huilamba plastiki ya kadi.
Mwaka wa pili ile tatu ya mwisho ikafutika.
Mwaka wa tano, tatu nyingine.
Sikuomba kadi mpya. Nilifundisha hesabu Usangi
kabla sijafundishwa kufunga pakiti,
na mkono wa mwalimu haulali.

Usiku, tanuri likipoa, nikaanza kuigawa
nyuma ya makaratasi ya kufungia.
Kwa mbili, hapana, si shufwa.
Kwa tatu: jumlisha tarakimu, thelathini na nane, hapana.
Kwa saba ikabaki mbili.
Kwa kumi na tatu ikabaki nane.
Majira mawili ya baridi nilikwenda hivyo,
vigawo zaidi ya elfu moja,
hadi elfu nane mia tano tisini na saba,
ambapo kipeuo cha pili kinakuruhusu kuweka kalamu chini.
Hakuna aliyeigawa. Moja tu, na yenyewe.

Nikaijaribu bila mkia. Vilevile.
Bila mikia miwili. Vilevile.

73939133
7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Kata unapotaka, kisu kinakuta mfupa.

Hazel Threlkeld, msimamizi wa zamu, hakusadiki
mpaka nilipommwagia mezani biskuti za tangawizi
sabini na tatu.
Zipange, nikasema, mistari iliyo sawa.
Kwa nane ikabaki moja. Kwa tisa ikabaki moja.
Kwa saba zikabaki tatu.
Akaitafuna moja kwa hasira,
na zile sabini na mbili
zikapangika kila namna, kama askari wa gwaride.

"Kwenu mnaziitaje?"
Namba tasa, nikasema,
na ikabidi nimweleze hilo neno.
Sikumweleza wavulana wa dawati la nyuma
walivyoinamisha vichwa nilipoliandika ubaoni,
wala mama mkwe, aliyelijua bila hesabu,
aliyelitamka mwaka wa sita wa ndoa
huku akichambua mchele.
Hazel akapangusa makombo.
"Ajabu," akasema. "Sisi tunaziita za kwanza."
Chokoleti ikayeyuka vidoleni mwangu.

Nilichofanya baadaye nilikifanya peke yangu.
Niliitafutia mtoto: tarakimu ya tisa, kulia.
Shufwa, hapana. Tano, hapana.
Moja: jumla thelathini na tisa, tatu inaigawa.
Saba: arobaini na tano, tatu tena.
Tatu na tisa zilinisumbua mpaka Machi,
theluji ikawa tope kando ya mto Caldew,
na zote mbili zikavunjika.
Basi, haizai. Ukoo ulioanza na saba unaishia kifuani mwangu.
Nikapekua koo nyingine,
za mbili, za tatu, za tano,
na hazikufika mbali hivi.
Katika zote zinazokatwa mkia zikabaki nzima
hakuna iliyo kubwa kuliko hii isiyo na mtoto.
Nilikagua mara mbili. Mara tatu.
Kisha nikaingia jikoni nikapika uji saa tisa usiku,
nikaunywa nimesimama.

Leo mlinzi mgeni ameishika kadi juani.
Imebaki saba tatu tisa tatu.
"Hii haijakamilika, Bi Nakijwa."
Nikamwambia aihesabu vizuri.
Akanitazama, akainua kizuizi.

Zipu mpya ninayo, niliinunua zamani sokoni.
Bado imo ndani ya pakiti yake.